Uzuri wa Nyumba ya Ibada Katika Macho ya Wakristo

Hapana watu waliopata kujenga nyumba ya ibada bila kujali sura yake. Hata wale waliohubiri kuwa sura si kitu walichagua kwa uangalifu sura ya kuonyesha kuwa si kitu. Ukimwuliza Mkatoliki kanisa lake lina uzuri gani, yamkini atakutajia madhabahu, ubani, na taa isiyozimwa mbele ya Ekaristi. Mlutheri atakutajia tenzi na mahubiri. Mwothodoksi atakuongoza mbele ya picha takatifu, zenye nyuso tulivu juu ya rangi ya dhahabu. Mkwakeri huenda asikutajie kitu chochote cha kushikika, ila utulivu wa watu waliokaa pamoja wakimngoja Mungu. Majibu haya hayapatani; na kwa karne nyingi kutopatana kwake kulizaa kejeli, kejeli ikazaa chuki, na chuki mara nyingine ikashika shoka na kijinga cha moto.

Insha hii yataka kuyapima majibu hayo kwa mizani ya historia. Nia yake si kumpa mmoja taji na kumnyima mwingine. Yataka kuonyesha kwamba uzuri wa kanisa ni namna ya ungamo: kila mapokeo huona uzuri mahali pale yanapoamini kuwa Mungu hukutana na mwanadamu. Mtu asiyejua ungamo hilo hawezi kuuona uzuri wenyewe. Ataona rangi na mawe tu. Walakini liko swali jingine ambalo makanisa yote, ya dhahabu na ya udongo, hayana budi kulijibu, nalo tutalifikia pwani ya kwetu, kwenye kiwanja kimoja cha Unguja. Wazee wetu walisema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo yafaa kuwekwa mlangoni mwa kila nyumba nzuri.

Na tuanze Mashariki. Katika mwaka 537 Kaisari Justinian alifungua mjini Constantinople kanisa la Hagia Sophia, maana yake Hekima Takatifu. Kuba lake lina upana upitao mita 30, na kwenye ukingo wake wa chini yamepangwa madirisha 40. Nuru ipitayo humo humfanya mtazamaji adhani kuwa kuba halikukalia kuta, bali limetundikwa kutoka juu. Tarikh ya kale ya Warusi yasimulia kuwa Vladimir, mtawala wa Kiev, alipotafuta dini ya kuwapa watu wake alituma wajumbe kwenda kuzitazama ibada za mataifa. Waliporudi kutoka Constantinople walisema kuwa wakati wa ibada hawakujua kama walikuwa mbinguni au duniani. Vladimir alibatizwa karibu na mwaka 988. Wanahistoria hutaja sababu nyingine za siasa, na hasa ndoa yake na Anna, dada wa Kaisari. Na bila shaka ndoa ile ilikuwa na uzito wake. Lakini jambo la kuangaliwa ni kwamba Warusi wenyewe, walipotaka kueleza kwa nini wameshika imani ile, hawakutaja hoja ya mwanachuoni wala upanga wa mfalme. Walitaja uzuri.

Uzuri huo wa Mashariki haukupatikana bure. Katika karne ya 8 Kaisari Leo III na waliomfuata walipiga vita picha takatifu wakisema kuwa ni sanamu zilizokatazwa na amri ya Mungu. Picha zilivunjwa na kuchomwa, na watawa waliozitetea wakateswa. Mtetezi wao mkubwa alikuwa Yohane wa Damasko, ambaye hakuwa chini ya mkono wa Kaisari kwa kuwa aliishi katika nchi zilizotawaliwa na Waislamu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kusemwa na nzito kujibiwa: Mungu asiyeonekana hawezi kuchorwa, lakini ikiwa Mungu huyo alitwaa mwili akaonekana na watu, basi alichokitwaa chaweza kuchorwa, na anayekataa picha ajihadhari asije akaukataa mwili. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 uliruhusu picha ziheshimiwe, ukabagua heshima hiyo na ibada impasayo Mungu peke yake. Na katika mwaka 843 picha zilirudishwa makanisani kwa kudumu. Kwa hiyo Mwothodoksi anapoibusu picha habusu ubao. Anakiri kuwa maada imepata kumbeba Mungu. Huo ndio uzuri auonao.

Imani hiyo ina watu wake Afrika ya Mashariki pia, nao hawakuletewa na wamisionari wa Ulaya. Waafrika wa Uganda na Kenya waliitafuta wenyewe, wakiongozwa na watu kama Reuben Spartas na Arthur Gathuna, hata Upatriarka wa Alexandria ukawapokea katika mwaka 1946. Huko Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa katika mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilifunga makanisa yao. Wakajua, kama walivyojua watawa wa karne ya 8, kuwa nyumba ya ibada yaweza kufungwa na ibada isife.

Kusini ya Misri, katika milima ya Uhabeshi, Wakristo waliona uzuri kwa namna nyingine kabisa. Mahali paitwapo Lalibela pana makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba, na mapokeo huyahesabu kuwa kazi ya Mfalme Lalibela wa ukoo wa Zagwe, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Wajenzi wa kwingineko huanza chini wakapanda juu. Hawa walianza juu wakashuka. Kanisa la Mtakatifu Georgi lina umbo la msalaba, nalo limesimama ndani ya shimo kubwa, paa lake likiwa sawasawa na uso wa nchi, hata msafiri aweza kulikaribia sana asilione. Kasisi Mreno Francisco Álvares, aliyekaa Uhabeshi kuanzia mwaka 1520 hata 1526, aliyaandika aliyoyaona, kisha akasita, akihofu kuwa wasomaji wake hawatamsadiki.

Uzuri wa Kihabeshi ni uzuri wa kitu kilichofichwa. Makanisa yao mengi ya vijijini ni ya duara, yenye duara tatu, moja ndani ya nyingine: ya waimbaji, ya wanaopokea komunyo, na ya ndani kabisa inayoingiwa na makasisi tu, ambamo huwekwa taboti, kibao kitakatifu cha mfano wa Sanduku la Agano. Hicho ndicho kinacholifanya jengo kuwa kanisa, nacho hakionwi na watu. Hata katika sikukuu kinapotolewa nje, hubebwa kichwani kimefunikwa kwa vitambaa vya thamani, huku madebtera wakiimba kwa ngoma, kayamba za chuma, na fimbo za kuegemea. Muumini wa huko hulisifu kanisa lake kwa kile kisichoonekana. Mapokeo yao husema kuwa mchana watu walichonga mwamba wa Lalibela, na usiku malaika wakaendeleza kazi mara mbili. Ni sifa nzuri. Lakini yatupasa kutia alama hapa, kwa sababu sifa wapewazo malaika mara nyingi hufunika majina ya watu walioshika patasi.

Magharibi, ugomvi ulikuwa wa namna nyingine: haukuhusu kama picha ni halali, bali kama mapambo ni haki. Mjini Saint-Denis, karibu na Paris, Abate Suger alibomoa sehemu ya kanisa lake la zamani akajenga upande mpya wa madhabahu, ukawekwa wakfu katika mwaka 1144. Alitumia matao yenye ncha na nguzo nyembamba, akapanua madirisha, akatia vioo vya rangi hata ukuta ukawa kama pazia la nuru. Kazi yake yahesabiwa kuwa chanzo cha majengo ya Kigothi. Suger aliamini kuwa akili ya mwanadamu ni nzito, nayo huinuliwa na vitu vinavyong'aa hata ikafika kwenye Nuru isiyoumbwa. Kwa hiyo dhahabu na vito havikuwa zaidi ya ngazi.

Katika zama hizohizo Bernard wa Clairvaux aliandika maneno makali dhidi ya fahari ya watawa. Aliuliza kuta za kanisa zimevikwa dhahabu kwa faida gani, ikiwa maskini wa kanisa wako uchi. Na wanyama wa ajabu waliochongwa juu ya nguzo za ua wa watawa wanatafuta nini mbele ya macho ya mtu anayesoma. Hakuwa adui wa uzuri, na ushahidi ni makanisa ya shirika lake. Kanisa la Fontenay, lililowekwa wakfu katika mwaka 1147, halina vioo vya rangi wala sanamu za wanyama. Lina mawe yaliyochongwa vema, vipimo vinavyolingana, na nuru nyeupe inayobadilika kwa saa za mchana. Watu waliolijenga walikuwa wakikimbia mapambo, nao wakaacha nyuma yao moja ya nyumba nzuri za Ulaya. Hivyo ndani ya kanisa moja, chini ya Papa mmoja, uzuri ulikuwa na mashahidi wawili: mmoja alisema Mungu apewe kilicho bora, mwingine akasema kilicho bora apewe mwenye njaa. Wote wawili walikuwa na Maandiko mikononi, na mpaka leo hakuna aliyeweza kumnyamazisha mwenziwe.

Miaka 400 baadaye hoja ya Bernard ilirudi ikiwa na nguvu ambayo yeye asingeitaka. Katika mwaka 1524, mjini Zurich, kwa mafundisho ya Zwingli, sanamu na picha ziliondolewa makanisani kwa amri ya baraza la mji, kuta zikapakwa chokaa, na vinanda vikanyamazishwa. Wengi huisoma habari hii kama habari ya uharibifu tu, na uharibifu ulikuwapo. Katika mwaka 1566 Uholanzi iliona makundi ya watu yakivunja makanisani vitu ambavyo mikono ya mafundi ilivitengeneza kwa karne nyingi. Lakini tusifanye haraka. Zwingli mwenyewe alifurahia kuta zile, akasema ni nzuri kwa weupe wake. Machoni pake chokaa haikuwa ukosefu wa pambo. Ilikuwa pumziko la jicho, ili sikio lifanye kazi yake. Anayeamini kuwa Mungu hukutana na mtu katika Neno huuona ukuta mweupe kama msomaji auonavyo ukurasa safi.

Martin Luther hakwenda njia hiyo. Katika mwaka 1522 alitoka mafichoni akarudi Wittenberg, na moja ya sababu ni fujo za waliotaka sanamu zivunjwe kwa nguvu. Akahubiri siku nane mfululizo kwamba kitu kinachotumiwa vibaya na wengine si lazima kiangamizwe, na kwamba moyo haubadilishwi kwa nyundo. Aliacha picha zikae, akaupa muziki cheo kikubwa karibu na elimu ya Mungu. Alipofungua kanisa la ngome ya Torgau katika mwaka 1544, moja ya makanisa ya kwanza kabisa kujengwa kwa ajili ya ibada ya Kiprotestanti, alisema kuwa nyumba ile isifanyiwe jambo lingine ila Bwana aseme na watu kwa Neno lake, na watu wamjibu kwa sala na sifa. Maneno hayo yaeleza uzuri wote wa Kilutheri: nyumba ya kusema na kujibu. Katika usharika wa Kilutheri wa Kilimanjaro, ambapo tarumbeta za shaba hupigwa na watu wote huimba kwa sauti nne, fahari ya kanisa haiko ukutani. Huanza watu wanapovuta pumzi.

Wamoraviani, waliofika Rungwe katika mwaka 1891, walikuja na uzuri ulio nje ya jengo. Tangu mwaka 1732, huko Herrnhut katika Ujerumani, wana desturi ya kukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka ili jua liwakute wakikiri ufufuo katikati ya wafu wao. Katika makaburi ya desturi yao mawe hulala chini, yote ya namna moja. La tajiri halimpiti kimo la mtumishi. Uzuri huo haukuhitaji fundi hodari. Ulihitaji watu waliokubali kuwa kifo kimewasawazisha kabla sheria za dunia hazijafanya hivyo.

Na Wakwakeri, waliofungua misheni yao Kaimosi katika Kenya mwaka 1902, walitoka katika mapokeo yasiyo na madhabahu, wala ubatizo wa maji, wala mkate na divai. Huko Uingereza, katika karne ya 17, wazee wao walikataa hata kuiita nyumba kanisa. Waliiita nyumba ya mkutano, kwa kuwa kanisa ni watu. Wakwakeri wa Kaimosi walifundishwa na Wamarekani waliokwisha kuchukua nyimbo na mahubiri, nao huimba kwa furaha kubwa; lakini asili ya uzuri wao ni ule ukimya wa awali, ambao kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, alikuwa na haki ya kuukata akiongozwa na Roho. Mtu aliyezoea minara ataingia katika nyumba ya namna hiyo aseme haina kitu. Atakuwa ameona sawasawa, wala hatakuwa amefahamu.

Sasa na turudi Unguja. Katika Mji Mkongwe yako makanisa mawili makuu yasiyo mbali moja na jingine. Lile la Wakatoliki, la Mtakatifu Yosefu, watu huliita Minara Miwili. Mapadre wa Roho Mtakatifu walitangulia kufika Unguja katika mwaka 1863, na kanisa hili lilijengwa katika miaka ya 1890 kwa namna ya Kirumi ya Ufaransa. Minara yake huonekana kutoka baharini kabla chombo hakijafunga, na ndani kuta zake zimepambwa kwa michoro ya habari za Maandiko. Kwa waumini wake, na miongoni mwao walikuwamo Wagoa wengi waliohamia pwani yetu, uzuri wake ulikuwa katika kuingia kutoka kwenye kichochoro chenye jua kali na kukuta mahali ambapo mbingu imefunguliwa kidogo. Kuwa ugenini na kukuta madhabahu ileile uliyobatizwa mbele yake ni faraja ambayo mkazi asiyetoka kwao hawezi kuipima.

Kanisa la Waanglikana, Mkunazini, lina habari nzito zaidi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akishurutishwa na Uingereza kwa mkono wa balozi wake John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa bahari na kufunga masoko yake. Kabla mwaka haujaisha, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali pa soko. Aliyesimamia kazi ni Edward Steere, ambaye katika mwaka 1874 alifanywa askofu. Naye ndiye yule yule aliyetoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili katika mwaka 1870 na kutafsiri Maandiko katika lugha yetu. Kanisa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe, likachanganya namna ya Kigothi na namna ya Kiarabu. Paa lake ni kuba refu la simiti na vipande vya matumbawe, lisilo na boriti, na wako waliodhani kuwa halitasimama. Limesimama. Yasimuliwa kuwa Steere aliporudi kutoka safarini alikuta mafundi wamezisimamisha baadhi ya nguzo kichwa chini, miguu juu; nazo zingali hivyo, wala hakuna anayezionea haya. Steere alikufa katika mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu.

Mapokeo husema kuwa madhabahu imesimama pale palipokuwa na mti wa kuwapigia watumwa mijeledi, na sakafuni mbele yake duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu huonyesha mahali na damu. Karibu yake uko msalaba uliotengenezwa kwa ubao wa mti wa Chitambo, ambao chini yake wafuasi wa David Livingstone waliuzika moyo wake katika mwaka 1873. Hapa uzuri hausemi habari ya nuru, wala ya Neno, wala ya siri iliyofichwa. Wasema habari ya kumbukumbu: pale mtu alipohesabiwa kuwa bidhaa, hapohapo atangazwe kuwa mgeni wa karamu ya Mungu. Mimi sijui ungamo lingine lililoandikwa kwa mawe wazi kuliko hilo katika pwani yote.

Walakini kizuri hakikosi ila. Mkataba wa 1873 ulifunga soko, haukumfungua mtumwa. Sheria ya Unguja iliendelea kuutambua utumwa mpaka mwaka 1897, na masuria hawakufikiwa na sheria ya uhuru mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo Krismasi ya mwaka 1877, ibada ya kwanza ilipofanywa Mkunazini na jengo bado halijamalizika, nje ya kuta zile walikuwako maelfu ya watu waliokuwa bado mali ya wengine. Uzuri ulikuwa umetangulia haki. Tena ni insafu kukumbuka kuwa Wakristo hawakuja katika jambo hili wakiwa na mikono safi. Huko Cape Coast, katika Ghana, ndani ya ngome ya Waingereza, kanisa liliwekwa juu ya shimo walimofungiwa watumwa wa kiume waliongoja merikebu. Zaburi ziliimbwa juu. Chini watu walilala katika uchafu na giza. Sijui kama chumba kile cha ibada kilikuwa na pambo lolote, wala haidhuru. Hakuna pambo ambalo lingeweza kukifanya kiwe kizuri.

Hili ndilo swali nililosema kuwa hakuna kanisa liwezalo kulikwepa. Suger na Bernard, Zwingli na Yohane wa Damasko, kila mmoja aliuliza Mungu aonekane wapi. Cape Coast na Mkunazini zauliza: mtu aonekane wapi? Katika mwaka 1998 mchongaji Mswidi, Clara Sörnäs, aliweka katika uwanja wa Mkunazini sanamu za watumwa waliosimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Kazi hiyo haipendezi macho, wala haikukusudiwa kupendeza. Lakini tangu iwekwe kanisa limekuwa zuri zaidi, kwa kuwa mgeni hawezi tena kuzistaajabia nguzo bila kukutana na nyuso za wale ambao kwa ajili yao nguzo zilisimamishwa.

Bara ya Kenya, mjini Murang'a, jibu kama hilo lilitolewa kwa rangi. Kanisa la Mtakatifu Yakobo lilijengwa katika miaka ya 1950, kuwa ukumbusho wa Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ndani yake Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, alichora ukutani habari za Kristo tangu kuzaliwa hata kusulibiwa, na zote alizitia katika nchi ya Wakikuyu, yenye vilima vyake, nyumba zake na watu wake. Vita vile viliwagawa ndugu, na mpaka leo yaweza kuulizwa kwa nini ukumbusho uliwahesabu hawa ukawaacha wale. Hiyo ndiyo kasoro ya kila ukumbusho. Lakini mama wa Murang'a aliyeinua macho akaona Bwana amezaliwa katika nyumba kama yake alifahamu bila kasisi jambo ambalo wanachuoni wa Nikea walilitetea kwa vitabu: kwamba mwili uliotwaliwa ulikuwa mwili wa watu, na yeye ni mmoja wao. Sikio nalo lilipata haki yake zama hizohizo. Katika mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padre Guido Haazen na waimbaji wake waliimba misa ya Kilatini kwa namna za nyimbo za Kikongo, ngoma zikapigwa. Ikajulikana ulimwenguni kwa jina la Missa Luba. Ngoma, ambayo wamisionari wengi waliiacha nje ya mlango kama kitu cha shetani, ikaingia hata kwenye madhabahu, na mbingu haikuanguka.

Nimeyapanga haya yote kwa kuwa siku zetu ni siku za kujenga. Katika miji yetu sharika zimekua, na makanisa ya wazee hayatoshi. Kamati hukaa, michango hukusanywa, na kila mara hutokea mtu wa kusema kuwa jengo la zamani ni dogo, ni chakavu, halina fahari, libomolewe. Pengine asema kweli. Watu wanaonyeshewa mvua nje hawawezi kuambiwa wasubiri kwa ajili ya heshima ya ukuta. Lakini kabla ya nyundo ya kwanza, kamati na ijiulize ukuta ule ulikiri nini. Ikiwa uliwekwa na mikono ya watu waliotoka utumwani, au wanawake waliobeba mawe kutoka mtoni kwa vichwa, basi kuubomoa bila kuuandika ni kufuta ukurasa ambao hauna nakala. Na jipya linapochorwa, isiulizwe tu litafanana na kanisa gani la Ulaya au Marekani. Iulizwe sisi wenyewe twaamini tutakutana na Mungu wapi: katika mkate, au Neno, au wimbo, au ukimya, nyumba itengenezwe kulijibu hilo, wala isitengenezwe kumshinda jirani.

Tena na tuache kudharauliana. Mkatoliki anayecheka nyumba tupu ya Mkwakeri, na Mpentekoste anayeziita picha za Mwothodoksi mizimu, wote wawili wanazungumza habari ya lugha wasiyojifunza. Mtu hamhukumu mshairi wa lahaja nyingine kabla hajayajua maneno yake. Na kila mmoja akiisha kujifunza lugha ya mwenziwe, wote watalikuta lile swali la Mkunazini likiwangoja mlangoni. Nyumba yaweza kuwa na kuba kama la Justinian, au kuwa kivuli cha mwembe na watu wa kanzu nyeupe wamekaa chini yake; mpagazi, mjane, na mtumishi wa nyumbani wakiingia humo wakaitwa kwa majina yao, wakapewa nafasi ya kukaa, nyumba hiyo imepambwa. Wakipitishwa mlango wa nyuma ili wasiharibu sura ya ibada, ni mkakasi tu.